Vyombo vya chai vya Bibi: kikundi cha familia

Shangazi: Assalamu alaykum. Nimevitoa kabatini vyombo vya chai vya marehemu mama, yaani birika, bakuli la sukari, kijagi cha maziwa na sinia, ili tuwaandalie wageni wa posa. Vimefanya weusi, kwa hiyo nakusudia kumpelekea sonara avichovye upya kwenye madini ya fedha.

Kaka Mkubwa: Shikamoo Shangazi. Kama ni fedha tupu, kwa nini tusiviuze kwa uzito, tukasaidia gharama za harusi?

Shangazi: Marahaba. Havitauzwa.

Baba Mdogo: Wa alaykumu salaam. Dada, chini ya birika pameandikwa nini?

Shangazi: EPNS, kila herufi ndani ya ngao yake. Sinia halina maandishi, ila katikati shaba nyekundu inachungulia.

Baba Mdogo: Basi birika si fedha tupu. Herufi hizo ni za chombo kilichochovywa fedha kwa umeme, njia ambayo akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipewa hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1840, na metali ya ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kwa uzito hutapata kitu, mwanangu. Sinia ndilo linalonitia hamu, kwa sababu kabla ya umeme mafundi wa mji wa Sheffield, huko huko Uingereza, walishikamanisha bamba la fedha na la shaba kwa moto, ufundi wa Thomas Boulsover wa miaka ya 1740, kisha wakaficha shaba ya ukingoni kwa uzi wa fedha. Likiwa la namna hiyo, kulichovya upya ni kulishusha thamani, hata kama shaba inaonekana.

Kaka Mkubwa: Na weusi tutautoaje?

Baba Mdogo: Weusi ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani. Bakuli na kijagi vilazeni juu ya karatasi ya alumini, mmimine maji ya moto yenye magadi soda, na salfa itahamia kwenye alumini. Birika msilizamishe, maana mpini wake ni wa mti. Majivu na dawa ya meno msiviguse kabisa, vinakwangua utando wa fedha.

Shangazi: Nimepitisha ukucha chini ya ukingo wa sinia, unakwama kwenye mstari mwembamba unaozunguka pote.

Baba Mdogo: Hiyo ni dalili njema, huenda ndio ule uzi wa fedha wa ukingoni. Lifute kwa kitambaa laini tu, na kwa sonara lisiende.

Shangazi: Sawa. Mwenye karatasi ya alumini aje nayo Ijumaa baada ya sala.