Fuso limenigonga kwa nyuma, mwenye gari anataka tumalizane kwa karatasi: nina haki gani?

Baba Nuru wa Kibaha

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja na nusu jioni, nilikuwa nikirudi nyumbani Kibaha kwa Barabara ya Morogoro. Nilisimama kwenye kivuko kuwapisha wanafunzi, na mtoto wa mwisho alipokanyaga ukingo wa barabara tu, fuso lililobeba matofali likanigonga kwa nyuma na kunisukuma hadi upande wa pili wa kivuko. Buti la Spacio yangu limeingia ndani mpaka kwenye kiti cha nyuma. Mdogo wangu wa kike, aliyekaa kushoto kwangu, ameambiwa hospitali kwamba mfupa wa mtulinga una ufa.

Dereva wa fuso alisema mbele ya watu kwamba breki zilifeli. Trafiki alifika, akapima na kuchora, kisha akaniambia kwamba mimi pia nina kosa kwa sababu taa yangu ya breki ya kulia ilikuwa haiwaki, hivyo nikubali, nilipe faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000, mambo yaishe. Sijalipa. Jumapili tajiri wa fuso akaja nyumbani pamoja na mjumbe wa mtaa, akiwa na laki nane taslimu na karatasi iliyokwisha kuchapwa, yenye maneno "tumemalizana, na mimi pamoja na abiria wangu hatutadai chochote siku za usoni". Nilimwomba anipe siku tatu.

Nina bima ndogo tu. Je, nikikataa laki nane, nina njia gani nyingine? Na ile taa inaniharibia kiasi gani?

Mzee wa Masafa

Pole sana, Baba Nuru. Nimeendesha malori ya Tunduma na Rusumo kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalokuambia ni kwamba usisaini. Niliwahi kugongwa nikiwa na gari langu dogo, nikapewa pesa ya bodi na ya panadoli, nikasaini karatasi kama hiyo kwa kuwa mkono ulikuwa umevimba tu. Wiki tano baadaye daktari akasema kuna mshipa umebanwa na nahitaji kupasuliwa. Niliporudi kwa kampuni ya bima ya yule bwana, karani alitoa karatasi yangu kwenye faili, akaigeuza ili niisome, akaweka kidole kwenye saini yangu. Hatukuzungumza zaidi.

Kuhusu kosa usiwe na wasiwasi, kwa sababu anayegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa, hakuna mjadala.

Neno moja kwa ajili ya yule dereva wa fuso, maana watu humsahau: kama ameajiriwa na ameumia, ana haki ya kudai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake na haumtaki mfanyakazi athibitishe kwamba ajali ilikuwa kosa la mtu mwingine. Matajiri wengi huwaficha madereva wao jambo hilo, na wengine humkata mshahara ili alipie gari alilogonga.

Wakili wa Mtaa wa Pili

Nampa pole Baba Nuru, na hasa mdogo wake. Nianze na faini, kwa kuwa ndiyo inayomsubiri kituoni.

Soma kwa makini kosa lililoandikwa. Kukubali kwamba taa moja ilikuwa mbovu, ikiwa ni kweli, hakukufanyi kuwa chanzo cha ajali. Lakini kama limeandikwa kosa la kuendesha bila uangalifu, usilipe. Sema unalikana na uko tayari kujibu mahakamani. Nasema hivi kwa sababu Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaichukulia hukumu ya mwisho ya kesi ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, kuwa ushahidi usiopingika wa hatia au kutokuwa na hatia kwa mshtakiwa, na hukumu hiyo huifuata kesi ya madai popote itakapofunguliwa. Faini ya papo kwa papo si hukumu, kwa hiyo haina uzito huo, lakini inabaki kuwa maandishi ya kukubali kosa, na upande wa pili utayatumia kadiri uwezavyo. Kwa sababu hiyohiyo, fuatilia kesi ya dereva wa fuso mpaka mwisho na uombe nakala ya hukumu, kwani akitiwa hatiani hutahitaji tena kubishana naye kuhusu uzembe wake barabarani.

Kwa heshima zote namrekebisha Mzee wa Masafa. Hakuna kifungu kinachosema kwamba anayegonga kwa nyuma ana kosa siku zote. Mahakama hutazama nani alikosa uangalifu, na ikiona kwamba mdai naye alichangia, humpunguzia fidia kwa kiwango cha mchango wake. Hapo ndipo hoja ya taa ingeingia. Hata hivyo, taa ya kushoto ilikuwa inawaka, jua lilikuwa halijazama, na dereva mwenyewe alitamka mbele ya watu kwamba breki zilifeli. Mtu aliyekanyaga breki zikamfelia amekwisha kukiri kwamba alikuona umesimama. Andika leo majina na namba za simu za waliomsikia.

Tajiri naye hajitoi kwa kusema "mimi sikuwa kwenye usukani". Mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mwajiriwa wake aliyekuwa kazini, na kufeli kwa breki humtaka mwenye gari aeleze lilikuwa likitengenezwa wapi na lini. Ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi itakuwa na thamani kubwa hapa, hivyo hakikisha fuso limekaguliwa kabla halijaondolewa kituoni.

Jambo la mwisho, ambalo naona tajiri amelipitisha kimyakimya: mdogo wako hana mchango wowote katika ile taa. Madai yake ni yake, na kama ni mtu mzima, wewe huna mamlaka ya kuyafunga kwa saini yako. Kila mmoja wenu ana miaka 3 tangu siku ya ajali ya kufungua shauri la uzembe, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kwa hiyo siku tatu za tajiri ni zake yeye.

Dawati la Madai

Nimefanya kazi upande wa bima, naomba niongezee. Bima ndogo yako haitatengeneza Spacio, lakini fuso nalo linatakiwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, liwe na bima inayowalinda watu wengine wanaoumizwa nalo. Tafuta namba ya usajili wa fuso kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, uone kama stika ni halali na ni ya kampuni gani, kisha uiandikie kampuni hiyo barua ya madai, na nakala yako wakugongee muhuri wa kupokea. Mkifika mahakamani, mshtakiwa ni dereva na mwenye gari. Kampuni hubanwa na sheria kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, ilimradi ilipewa taarifa ya shauri kwa wakati. Ijulishe na kampuni yako pia, hata kama hudai kwake kitu, kwa kuwa mkataba wa bima hukutaka utoe taarifa ya kila ajali.

Kituoni utahitaji ripoti ya polisi ya ajali, mchoro na ripoti ya ukaguzi. Mdogo wako atahitaji PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, na ripoti ya daktari inayosema kama atabaki na ulemavu na kwa asilimia ngapi, na hiyo ya mwisho haiwezi kuandikwa mfupa ukiwa haujaunga. Ndiyo maana anayetaka kukulipa haraka hukulipa kabla haijaandikwa. Tunza risiti zote, hata za bodaboda ya kwenda kliniki, kwa sababu gharama halisi hudaiwa kwa kutajwa moja moja na kuthibitishwa, tofauti na fidia ya maumivu ambayo hakimu huipima mwenyewe. Kampuni ikikuzungusha, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria gharama za mahakama.

Baba Nuru wa Kibaha

Nashukuru sana. Nimepita kituoni asubuhi, na kosa nililoandikiwa kumbe ni "kuendesha bila uangalifu", wala taa haikutajwa. Nimelikana, na nimetakiwa nirudi Alhamisi. Tajiri nimemrudishia karatasi yake ikiwa tupu. Mjumbe wa mtaa aliisoma upya na kuniuliza kwa nini abiria aliwekwa humo bila kuulizwa. Sasa fundi ananisihi nimpe gari aanze kunyoosha buti, maana linamzibia njia gereji. Nimruhusu?

Dawati la Madai

Hapana. Gari lisiguswe mpaka mkaguzi wa polisi aandike ripoti yake na mkadiriaji wa bima ya fuso alione kwa macho. Lipige picha pande zote, taa ya breki ya kushoto ikiwa inawaka na namba ya gari ikionekana, kisha mwombe fundi alisukume pembeni.