Safu ya mbele katika mpira wa Kimarekani wa vyuo: juhudi inaonekanaje?

Mkazi wa Nyegezi aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Msimu huu nafuatilia mechi za vyuo vikuu vya Marekani, zile za Jumamosi ambazo kwetu Mwanza huanza saa moja usiku na nyingine huendelea hadi alfajiri. Timu ikishindwa kusonga mbele kwa kukimbia na mpira, utasikia lawama kwamba wale watano wanaopanga mstari mbele ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, hawana roho ya kupambana. Kwa kuwa watu hawa hawabebi mpira na ni nadra sana kufunga, mtazamaji anayetumia simu atajuaje kama wamejituma au wamelegea?

Fundi wa Mitumbwi alijibu:
Kaka, acha kuufuata mpira kwa macho. Chagua mmoja kati ya wale watano, umtazame tangu senta, yule wa katikati, anaporudisha mpira nyuma hadi filimbi ilie. Aliyejituma huendelea kusukuma kwa miguu hata baada ya mkimbiaji kumpita, na mkimbiaji akiangushwa yadi 15 mbele (yadi moja ni pungufu kidogo ya mita), utamwona amefika pale kumwinua.

Jambo gumu zaidi kuliona ni pale wawili wanapomsukuma mlinzi mmoja wa timu pinzani kwa pamoja, kisha mmoja wao anachomoka kumfuata mlinzi wa nyuma yake; akichomoka mapema, yule mlinzi wa kwanza hupenya na mchezo huharibika. Sisi hapa Mwaloni tunapopandisha mtumbwi mchangani, aliyeweka mkono tu bila kusukuma hujulikana mara moja, kwa sababu mtumbwi huegemea upande wake. Safu ya watano nayo humfichua mvivu vivyo hivyo.

Mwalimu wa Michezo, Ilemela, alijibu:
Naheshimu maelezo ya fundi, ila sikubali kwamba kila anayezidiwa ni mvivu. Anayenyanyuka wima husukumwa na mtu mwepesi kuliko yeye, kwa kuwa mwenye kifua cha chini ndiye mwenye nguvu. Mikono yake ikichelewa kufika kifuani mwa mpinzani, atashawishika kumkumbatia, na adhabu ya kushika ni timu kurudishwa nyuma yadi 10. Akitikisika kabla mpira haujaanza, ni yadi 5. Hayo ni makosa ya ufundi, ingawa kwa mbali yanafanana na woga.

Ipo tuzo ya Joe Moore, iliyoanza kutolewa mwaka 2015, ambayo hupewa safu nzima badala ya mtu mmoja, utaratibu ambao binafsi naona ni wa haki. Mwaka 2024 ilikwenda kwa Army, timu ya chuo cha kijeshi, ambayo vijana wake wa mbele kwa kawaida ni wepesi kuliko wale majitu ya vyuo vikubwa wanaozidi kilo 136.

Mkazi wa Nyegezi:
Nawashukuru nyote wawili. Katika mechi ya juzi, yule wa pembeni kushoto alikuwa akisimama na mikono kiunoni kila mchezo ulipokatika katika robo ya nne. Je, huo ni ulegevu?

Fundi wa Mitumbwi:
Huo ni uchovu, kaka. Mtazame mpira unapoanza: je, bado anainama chini kama alivyofanya robo ya kwanza?

Mkazi wa Nyegezi:
Nitairudia robo hiyo leo usiku, bando likitosha, kisha nitaleta jibu.