Kuziba sakafu za zamani na kubadili skatingi: tupeane uzoefu

Kota_za_Reli
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya marehemu baba ipo Tabora, ya miaka ya 1950, enzi za East African Railways and Harbours. Sebuleni ni ile sakafu nyekundu ya saruji, vyumbani vibao vya mvule, wenyewe wanaita pakee, na ukutani skatingi, zile mbao za chini kabisa zinazozunguka chumba, pana kweli kweli. Leo nimesogeza kabati ambalo halijawahi kusogezwa tangu tukiwa wadogo. Nyuma yake skatingi imebaki ganda la rangi tu. Ukiigusa kidole kinazama, ndani ni udongo wa mchwa mtupu. Na pale ulipobomolewa ukuta wa stoo kuna mtaro wa upana wa kiganja unaokatisha sebule nzima.

Fundi niliyemwita kasema nibandike tailizi juu, kila kitu kiishe. Sitaki. Mama aliisugua sakafu ile kwa polishi mpaka taa ya dari ikaonekana ndani yake. Nani amewahi kuziba ya namna hii bila kuifunika?

Mtu wa Tailizi
Bandika tailizi mkuu. Utanishukuru.

Dada wa Chumbageni
Watu kama wewe ndio mmemaliza nyumba zote nzuri za Tanga. Mtu anaeleza urithi wa mama yake, wewe unamletea tailizi!

Mtu wa Tailizi
Dada, urithi haupigwi deki kila siku na wewe, unapigwa na binti wa kazi. Muulize yeye.

Mpangaji Upanga
Umenikumbusha mbali. Nyumba tuliyohamia ilikuwa na pakee ya mninga, na vibao kadhaa karibu na bafu vilikuwa vimeng'oka. Mwenye nyumba akaleta fundi. Kazi ilipendeza machoni: vibao vipya, gundi, msasa, vanishi. Lakini pembeni mwa ukuta alikuta upenyo wa kama kidole, akaona ni uchafu, akaujaza saruji wote. Kisha akapigilia skatingi mpya juu yake.

Masika ikaingia. Mbao inakunywa unyevu, inavimba, inataka pa kwenda, na pa kwenda pameshazibwa. Usiku mmoja tukasikia mlio, paa! Mume wangu akadhani ni mwizi. Kuwasha taa, katikati ya chumba sakafu imenyanyuka, vibao vimesimama vinaegemeana, chini unaiona lami nyeusi ya zamani waliyogandishia. Mlango wa chumba cha watoto unafunguka kwa kuelekea kwetu, ukagonga kwenye lile tuta, haufunguki. Watoto wanalia ndani. Mume wangu aling'oa vibao kwa kisu cha jikoni na mikono mitupu mpaka mlango ukapita. Sitasahau.

Asubuhi ndipo tukajua vile vibao vya karibu na bafu viling'oka kwa nini: bomba ndani ya ukuta lilikuwa linavuja siku zote hizo. Fundi aliziba juu, hakuuliza maji yanatoka wapi. Kwa hiyo ndugu yangu wa Tabora, kabla hujanunua hata kibao kimoja, tafuta maji yako yanatoka wapi. Na upenyo wa pembeni uache wazi, ndiyo kazi ya skatingi, kuuficha.

Moshi Mjini
Ule mlio naujua. Pole sana dada.

Mzee wa Randa
Dada wa Upanga kasema kweli tupu. Mimi ni fundi, sakafu nyekundu nimeziba nyingi. Ule mtaro usimwagie zege tu. Kata kingo kwa grinda zinyooke, chokoa ndani kwa tindo hadi pakwaruze, fagia vumbi lote. Lowesha usiku kucha, ila asubuhi maji yasituame. Paka uji wa saruji, na kabla haujakauka jaza saruji moja kwa mchanga tatu. Mchanga wa mto uliooshwa, wa pwani una chumvi. Oksidi nyekundu, ule unga wa rangi, changanya na saruji zikiwa kavu, na isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa saruji, ikizidi unadhoofisha. Piga niru, yaani saruji laini ya juu, kwa mwiko wa chuma, funika magunia mabichi wiki nzima. Hapo kwenye magunia ndipo watu wanapoharakisha, halafu wanalaumu saruji.

Rangi haitalingana na ya zamani. Bora uupige ule mtaro mweusi, uonekane ni mstari uliokusudiwa.

Dada wa Chumbageni
Mzee shikamoo. Hapo kwenye mweusi nakataa. Sisi tulipaka polishi nyekundu kwa muda, sasa mgeni haoni kiraka kilipo.

Kijana wa Ipuli
Mchwa: paka oili chafu nyuma ya skatingi. Kwisha.

Mzee wa Randa
Usipake! Harufu haitoki na rangi haishiki juu yake. Fuata njia ya mchwa hadi inapotokea, upige dawa ardhini. Nyumba hizo skatingi zilipigiliwa kwenye vigingi vya mbao ndani ya ukuta, navyo huliwa. Ving'oe, uzibe mashimo, utumie skrubu. Mbao mpya ipake rangi pande zote, hata mgongo, kabla ya kuifunga.

Bongo-Columbus
Nipo Ohio, Marekani, nyumba ya 1954. Tulitoa zulia ili tufufue mbao za mwaloni, sehemu ya jikoni tukakuta vigae vya inchi tisa kwa tisa, chini yake gundi nyeusi. Shemeji kashika nyundo tayari. Jirani mzee akapiga kelele dirishani: acheni! Vigae vya saizi ile vya miaka hiyo mara nyingi vina asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na gundi pia. Maabara ikathibitisha. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na saratani huja miaka mingi baadaye. Tuliambiwa vikiwa vizima tusiviguse, tufunike juu. Skatingi nazo rangi ilikuwa na madini ya risasi, sumu kwa watoto, hapa ilipigwa marufuku majumbani 1978. Tulikuwa na mtoto anayetambaa.

Moshi Mjini
Mungu wangu. Na paa letu la asbesto je? Watoto wanacheza chini yake!

Mtu wa Tailizi
Kwa hiyo kufunika ni salama. Nilisema.

Mpangaji Upanga
Kufunika asbesto, siyo kufunika bomba linalovuja!

Kota_za_Reli
Wakuu, paa tulifungulie uzi wake, tafadhali. Nimerudi chumbani na tochi: ukuta wenye mchwa ndio wenye bomba la bafu, na plasta yake inatoa chumvi nyeupe. Kesho fundi bomba anakuja kwanza. Mzee wa Randa, mvule mkavu wa skatingi naupata wapi?

Mzee wa Randa
Mvule mkavu ni wa kubahatisha, tumia mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza, au mkongo. Nenda kiwandani na kipande cha skatingi ya zamani mkononi. Usipeleke picha, wale wanakata kwa kufuata umbo.