Tupeane uzoefu: Kupanga nyumba Kigoma ukiwa na mtu wa kiti mwendo

Mama Pacha
Jana saa saba mchana nimepishana na kijana pale Mwanga anamsukuma mama yake kwenye kiti mwendo, anapanda mlima, jasho linamtoka kama yuko tanurini. Yakanirudia yote.

Mzee wangu alianguka kutoka juu ya mchikichi, kiuno kwenda chini hakuna kitu. Miaka mitatu, nyumba nne. Ya kwanza ilikuwa Mlole. Dalali akaniapia: "Dada, tambarare, hata mtoto anaendesha baiskeli." Ni kweli, ndani ya uzio ni tambarare. Ila kufika kwenye huo uzio ni korongo, na tulikuwa tumeshalipa miezi sita.

Mlango wa choo ukawa na upana wa sentimita 66. Kiti kina 64. Nani alikumbuka kwamba pembeni ya magurudumu kuna vidole vya mtu? Nikamuomba mwenye nyumba tuutanue kwa hela yetu, akasema tutamharibia ukuta. Basi ikawa kila akitaka kwenda, ananiita, nambeba.

Usiku mmoja wa mvua, umeme umekatika, hakuniita. Nimeshtuka saa tisa, kiti kiko mlangoni kitupu. Namulika ndani, mzee yuko chini kwenye sakafu yenye maji, kajiburuza kwa viwiko, kafika katikati nguvu zikaisha. Kajifunika taulo usoni. Akaniambia neno moja tu: "Zima."

Nikazima tochi, nikakaa naye gizani mpaka aliposema tuondoke.

Mgebuka Mkavu
Aisee. Pole sana dada.

Fundi Kuchi
Mwenye nyumba alikudanganya. Kama ukuta una nafasi, kutoa fremu na kuweka ya sentimita 90 ni kazi ya siku mbili. Hata bila kugusa ukuta, geuza mlango ufungukie nje, unaokoa nafasi ndani. Au ng'oa mlango kabisa, weka pazia.

Toto la Reli
Pazia chooni kwenye nyumba ya wapangaji sita? Fundi una utani.

Mwana Unyanyembe
Suluhisho ni moja, hamieni Tabora. Huku hakuna mlima.

Mgebuka Mkavu
Tabora mchanga mtupu. Kiti kikizama mchangani unakisukuma au unakilimia?

Mwana Unyanyembe
Bora mchanga kuliko kuishi juu ya paa la jirani.

Shemeji Mtu
Ngojeni niwaambie kuhusu milima. Shemeji yangu tulimpangia nyumba Mwanga, tunashuka naye kuelekea stesheni. Breki ya kushoto ilikuwa imekatika, tukaifunga kwa mpira wa baiskeli. Katikati ya mteremko ndala yangu ikakatika, nikateleza, mikono ikaachia. Kiti kikaondoka! Shemeji mwenyewe ndiye anapiga kelele, "Pisheni, sina breki!" Bodaboda wanakimbia huku na huku. Akaingia kwenye meza ya mama wa nyanya, nyanya zote chini, yeye kakaa katikati anacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa natetemeka, hata kusimama siwezi.

Toto la Reli
Hii chai, tena ya tangawizi.

Bint Gungu
Nyanya mlilipa?

Shemeji Mtu
Tulilipa tenga zima. Na anayesema chai aje aone kovu la goti langu.

Bint Gungu
Yule mama alipata soko siku hiyo 😂

Mjukuu wa Bangwe
Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo. Mwenye nyumba ashtakiwe.

Baba Mwenye Nyumba
Ile inasema majengo yanayohudumia umma. Chumba changu cha uani ni ofisi ya umma? Mnataka ngazi zivunjwe, mkihama nani anazirudisha?

Mjukuu wa Bangwe
Ninyi ndio tunaowasema hapa.

Fundi Kuchi
Ngazi hazivunjwi, unajenga mteremko juu yake. Kila sentimita 15 za kimo, urefu mita 1.8. Ngazi tatu za hivyo ni mita 5.4. Zile mbao mbili mnazoegesha mlangoni zitawaua watu.

Mgebuka Mkavu
Mbao mbili zimemvusha babu yangu miaka minne, hajafa.

Bint Gungu
Mimi siku hizi nabeba ufito uliokatwa upana wa kiti, pamoja na vidole. Nyumba ambayo ufito haupiti, sisikilizi hata bei.

Toto la Reli
Peleka kiti chenyewe, tena baada ya mvua. Kiangazi kila njia ni nzuri.

Mama Pacha
Walioniuliza niko wapi sasa: Ujiji. Nyumba ya zamani, chini hakuna ngazi hata moja. Choo kiko nje, mlango ni bati tumekata wenyewe, mzee anaingia na kiti mzima mzima na anafunga kwa ndani. Ila mwenye nyumba anauza, mwezi wa sita tunatoka. Mwenye kujua nyingine Ujiji huku huku aniambie. Madalali msinifuate.

Dalali Mwaminifu
Dada ninayo moja Mlole, tambarare kabisa.