Mrejesho: wasimamizi wangu na mafunzo ya ukocha

Wakuu, nimerudi. Miezi mitatu iliyopita niliwaomba ushauri: wasimamizi wangu sita walitoka semina ya siku mbili ya ukocha (kumwongoza mfanyakazi kwa maswali ili apate jibu mwenyewe, badala ya kumwamrisha), vyeti vikatundikwa ukutani, halafu wakaendelea kuamrisha kama zamani. Niliuliza kama niwarudishe darasani.

Sikuwarudisha. Nilifuata ushauri wa mazoezi ya kidogo kidogo: kila Jumatatu dakika 40, watatu watatu. Mmoja analeta tatizo lake la kweli (maigizo tuliyapiga marufuku), wa pili anamhoji, wa tatu yuko kimya na karatasi, anahesabu maswali na ushauri uliochomekwa. Wiki ya kwanza, mzoefu kuliko wote aliuliza maswali manne, na matatu yalianza na "Kwa nini usimwambie…". Huo ni ushauri uliovaa kanzu ya swali! Alipoonyeshwa karatasi alicheka mwenyewe.

Tunatumia GROW, mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Whitmore miaka ya 1990: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, kisha utafanya nini. Wengi huruka hatua ya pili.

Palipogoma: fundi mgeni aliulizwa "wewe unaonaje?" kuhusu mashine asiyoijua. Akakodoa macho tu. Mtu kama huyo mwelekeze kwanza, ukocha baadaye.

Msimamizi mmoja hajabadilika kabisa, na nahisi chanzo ni mimi, maana humpa jibu kabla hajamaliza sentensi. Jumatatu ijayo nahoji mimi, karatasi anashika yeye.