Nasra na tumbo la asubuhi

Mama Nasra: Jamani, leo tena Nasra analia tumbo. Kila siku ya shule. Daktari kamcheki, haoni kitu. Jumamosi anaruka kutwa.

Shangazi Zuhura: Wifi, huo ni wasiwasi. Mtoto hakwambii ana hofu, anakwambia tumbo au kichwa.

Mjomba Idi: Atazoea. Mbona sisi tulizoea?

Bibi: Idi mwanangu, wewe bila rafiki yako Kassim ulikuwa huvuki geti la shule. Tusidanganyane.

Mjomba Idi: 😂😂 Mama, mbele za watu!

Shangazi Zuhura: Bibi kagusa penyewe. Wifi, yule shoga yake yuko wapi siku hizi?

Mama Nasra: Latifa? Wametenganishwa mikondo… Eh! Na tumbo limeanza hapo hapo.

Salim: Shangazi, hili tumelisoma chuoni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, walifuatilia watoto 103 wa darasa la 5 na la 6 kwa siku 4. Waliandika kila kilichowapata na nani alikuwepo, huku wakipimwa mate kuangalia kotisoli, homoni ya mfadhaiko. Baya likimkuta mtoto yuko peke yake, kotisoli inapanda na anajiona hafai. Rafiki wa karibu akiwepo, athari inapungua sana.

Bibi: Kuwepo tu, hata asipomtetea?

Salim: Kuwepo, Bibi. Ndicho walichokipima.

Mama Nasra: Basi nimtafutie marafiki wengi?

Shangazi Zuhura: Wa nini? Mwenye hofu ukimwingiza kwenye kundi la wageni unamwongezea. Mmoja wa kweli anatosha.

Mama Nasra: Ila wakipigiana simu ni "mwalimu akiniuliza je", "wakinicheka je", saa nzima!

Salim: Hapo pana mtego. Amanda Rose, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 2002 kwamba marafiki wanaorudiarudia shida zile zile hushibana kweli, lakini huzuni na wasiwasi navyo huwa juu.

Shangazi Zuhura: Wasikatazwe kusema, wifi. Waseme, kisha wape kazi ya mikono: wachore, waruke kamba, wamsuke mdoli.

Bibi: Na wewe mama mtu acha kumuuliza "tumbo vipi?" kabla hajaamka vizuri.

Mama Nasra: 🙈 Sawa Mama. Namwandikia mama Latifa, kesho wakutane getini waingie pamoja.

Shangazi Zuhura: Mwambie na mwalimu. Wiki zikipita bado hali wala halali, mpeleke kwa mshauri, hilo si la Latifa kulibeba.