Eti asiye na kidato cha nne asipige kura? Wasomi wa Tanga mmefika mbali sasa

Wakuu, salamu kwanza, maana mimi nimefunzwa kusalimia. Uzi huu ni mrefu na una hasira. Asiye na muda apite zake, sitamshika shati.

Kisa chenyewe hiki. Wakati wa uboreshaji wa daftari la wapiga kura nilimpeleka bibi yangu mzaa mama akahamishe taarifa zake. Zamani alikuwa anaishi upande wa Muheza, sasa tunaye hapa Makorora kwa kuwa macho yamepungua nguvu na magoti ndiyo usiseme. Kadi yake ya zamani ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko uko ndani ya mfuko mwingine, na yote imefungwa kwenye pindo la kanga. Tulifika asubuhi, foleni imeshajikunja mpaka kwenye mwembe. Watu wakampisha, akaletewa kiti, mambo yakaenda kistaarabu kama tunavyojuana watu wa Tanga.

Tabu ikaja kwenye vidole. Bibi huyu ameanika singa kwenye mashamba ya mkonge tangu hajaolewa, na alipoacha mkonge akaingia kwenye makuti. Vidole vimesagika, huoni mstari. Mashine ikakataa dole gumba, ikakataa kidole cha shahada, ikarudia kukataa vyote viwili. Karani, binti mpole wa watu, akavipangusa kwa kitambaa chenye maji, akajaribu tena, akampumzisha, akajaribu tena. Robo saa ikakatika.

Nyuma yetu alikuwepo jamaa mmoja wa mtaani kwetu. Simtaji. Ana shahada yake, na hakuna mtu mtaa mzima asiyejua kwamba anayo. Shikamoo hakuitoa. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Sasa wazee kama hawa wanatuchelewesha bure. Hata hiyo kura yenyewe, anajua anampigia nani?"

Bibi alisikia. Kilichopungua ni macho, masikio bado. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza kwa heshima yake, na ule ukimya ndio unaonikereketa mpaka leo.

Angekomea pale ningesema ni njaa ya asubuhi. Usiku akaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na waraka mrefu: eti nchi haiendi kwa sababu kura ya mjinga inalingana na kura ya msomi, eti sheria ibadilishwe, mpiga kura awe na kidato cha nne kwenda juu, na wazee waliopitiliza umri "wapumzishwe". Madole gumba yakamiminika. Nikahesabu walioweka dole gumba ambao mama zao hawakuwahi kukanyaga darasa, nikaishia kwenye saba, nikaweka simu chini.

Haya, na tuseme sasa.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 5, inasema kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane ana haki ya kupiga kura. Halafu inataja mambo ambayo Bunge linaweza kuyatungia sheria ya kumzuia mtu: kuwa na uraia wa nchi nyingine, kuwa na ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na kukosa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji wako. Ikishayataja hayo inafunga mlango, kwamba nje ya hapo raia asizuiwe. Cheti hakimo. Uzee haumo. Kuchelewesha foleni nako hakumo, msomi wangu, nimesoma mara mbili kukutafutia.

Ukitoka hapo nenda ibara ya 67, sifa za mbunge. Awe raia, awe ametimiza miaka ishirini na mmoja, awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Basi! Yule anayekwenda Dodoma kupitisha bajeti anatakiwa kujua kusoma na kuandika tu, halafu wewe unataka bibi yangu, ambaye kazi yake siku hiyo ni kuweka alama ya vema pembeni ya picha, awe na kidato cha nne. Karatasi ya kura ina picha ya mgombea na nembo ya chama. Unadhani picha ziliwekwa kama urembo? Na asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini amsaidie. Waliotunga utaratibu huo walijua wana nchi ya watu gani.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hili jambo si jipya, na Tanga ndiyo mahali pa mwisho pa kulileta kama fikra mpya. Uchaguzi wa 1958 na 1959, chini ya Mwingereza, ulikuwa na sifa hizihizi za kuchuja watu. Ili upige kura uwe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha mwaka cha kiwango fulani, au kazi ya cheo. Na ukishaingia bado hujaachwa huru: lazima upige kura tatu, mmoja Mwafrika, mmoja Mhindi, mmoja Mzungu, ukiacha mmoja kura yako imeharibika. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikaribia kupasuka kwa jambo hilo. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ndio uliokubali kuingia kwenye uchaguzi huo kwa shingo upande, na Zuberi Mtemvu akatoka kwa hasira akaanzisha chama chake. Ukienda Mnyanjani hapa, utasimuliwa jinsi Nyerere alivyokuja kukaa na wazee wa TANU wa Tanga kabla ya kwenda huko Tabora, ili wamsaidie kupata maneno ya kuwatuliza watu. Ni mwendo wa bodaboda tu toka mjini. Msomi wetu kafika Johannesburg, Mnyanjani hajafika.

Sasa jiulize baba yake bibi alikuwa wapi mwaka huo. Alikuwa shambani, mkata mkonge, na kipande chake, ile kadi ya kibarua, mfukoni kinachohesabiwa siku. Elimu hana, kipato hicho hana, cheo hana. Kodi ya kichwa alitozwa, tena ukikosa unakimbizwa porini. Lakini kura hakupiga. Msimamizi wake alipiga. Bwana shamba alipiga. Na sababu iliyotolewa ni ileile ya kwenye kundi letu: hawa bado hawajaelewa mambo.

Ng'ambo ya maji, Unguja na Pemba, uchaguzi wa 1957 wanawake hawakupiga kabisa. Walingoja mpaka 1961. Huku kwetu nani alizunguka na kujaza wanawake ndani ya TANU mwaka 1955? Bi Titi Mohamed, mtu wa vikundi vya ngoma, si mtu wa vyeti. Wanawake wale waliuza maandazi wakachangia chama, wakaficha kadi chini ya magodoro, halafu ulipofika uchaguzi wengi wao mlango ulikuwa umefungwa kwa kigezo cha elimu. Unataka kumrudishia mjukuu wao kigezo hicho mwaka huu, na uite maendeleo.

Najua hoja itakayokuja. "Lakini wasiosoma wananunuliwa kwa kanga na pilau." Sikatai kwamba kanga zinagawiwa. Nimeziona, na moja anayo shangazi yangu, ameshaifanya tambara la kupangusia masufuria. Tunaongelea nani anauza, hatuongelei nani ananunua. Neno takrima mnalikumbuka? Liliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, mgombea akaruhusiwa kukirimu wapiga kura kama desturi ya ukarimu wetu. Mahakama Kuu ikaja kulifuta mwaka 2006. Waliolitunga na kulipitisha walikuwa na shahada, baadhi mbilimbili. Na kwenye kura za maoni za vyama, wanaogawiana bahasha gizani si wauza bada wa Mgandini.

Niseme na langu, nisijifanye malaika. Kuna kipindi na mimi nilikuwa na orodha yangu ya watu nisiowataka. Wafungwa. Nilikuwa naona mtu akishaingia gereza la Maweni basi habari ya kura aisahau. Mjomba ndiye aliyenitoa huko, aliponiuliza mahabusu naye nimemweka wapi. Mahabusu hajahukumiwa. Amekaa ndani kesi ikitajwa, ikiahirishwa, ikitajwa, anaweza akatoka kesho hana hatia, na wewe ulishamnyima. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilishasema kwamba kile kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichomzuia kila aliyefungwa zaidi ya miezi sita kinapingana na Katiba, kwa sababu Katiba inasema "makosa fulani", haikusema kila kosa. Aliyeiba kuku na aliyeua hawakupaswa kukatwa kwa panga moja. Sikuipenda hukumu ile siku ya kwanza. Sasa naielewa.

Kwa hiyo mipaka ipo, sijasema kila mtu apige tu. Mtoto wa miaka kumi asipige. Mgeni asiye raia asipige, hata kama tunampenda na amekaa Chumbageni miaka ishirini. Ingawa hapo kwenye uraia napo, sisi watu wa ukanda wa mkonge tuseme taratibu. Mashamba haya yalijazwa manamba, vibarua wa mkataba, kutoka kila upande, wengine kutoka nje ya mipaka ya leo. Wajukuu wao wamezaliwa hapa, wamezikia hapa, lakini akisimama mbele ya karani na jina la asili ya Msumbiji anaanza kuulizwa babu alizaliwa wapi. Hilo nalo linahitaji uzi wake, nisilichanganye.

Turudi kwenye kigezo cha msomi, "aelewe". Aelewe nini? Bibi yangu akinunua umeme wa luku anakatwa kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, ya nyumba ya vyumba viwili na choo cha nje. Sabuni anayofulia ina kodi ndani yake. Akinituma bodaboda Ngamiani kuna kodi ndani ya petroli. Hakuna hata siku moja luku ilimwambia, "Samahani bibi, naona huna kidato cha nne, wewe usilipe." Kwenye kulipa anaelewa, ila kwenye kuchagua haelewi.

Na kuelewa anaelewa. Muulize zahanati ya kijijini kwake ilianza kujengwa mwaka gani, ikafika kwenye linta mwaka gani, diwani gani aliahidi bati na diwani gani alikuja kupiga picha. Atakutajia kwa majina na ukoo, na atakuambia mwaka huo mvua za masika zilikuwaje. Msomi wetu hapa, nilimuuliza kwenye kundi diwani wetu anaitwa nani. Akaniandikia kwamba hilo si suala la msingi.

Si suala la msingi!

Sasa nikirudi siku ile ya foleni, maana sijaimaliza. Mashine hatimaye ilikubali, vidole viwili vya mkono wa kushoto, watu wa kwenye foleni wakapiga makofi. Bibi akapigwa picha, akavuta ushungi vizuri kwanza, akapewa kadi mpya, ikaingia kwenye mfuko ndani ya mfuko. Tulipogeuka tuondoke, nafasi ya nyuma yetu iko wazi. Jamaa alishasusa kitambo, ana kazi za maana. Mwenye duka la pale jirani aliniambia hakumwona akirudi siku zilizofuata, na mwenyewe nilipombana kwenye kundi alikiri: kadi yake ni ya huko alikosomea, hajaihamisha, "mfumo wenyewe mbovu". Yaani waraka wote ule wa nani apige na nani asipige umeandikwa na mtu ambaye kwenye kata yetu hayumo hata daftarini.

Anapita mbele ya nyumba yetu kila jioni akitoka kazini, miwani usoni, simu sikioni. Bibi anakaa barazani na ukindu wake, macho hayamfikishi mpaka barabarani, lakini mwendo wa viatu anaujua. Kila akipita ananigusa bega, ananiuliza bila kejeli yoyote: "Mjukuu wangu, yule kijana aliyekuwa na haraka, alipata kadi?"